Orodha Niliyosema Nimeihesabu

Garissa,
Januari 1999, baada ya swala ya adhuhuri

Aabo Sahra,

Asalaam aleikum. Salamu nazifupisha kwa sababu ukuta mmoja tu ndio unaotutenga. Nakusikia kutoka hapa ofisini ukibishana na Hooyo, mama yako, juu ya sanduku, na kwa sauti hiyo najua afya yako ni njema kupita kiasi. Nakuita Aabo, yaani Baba, jina lile lile unaloniita mimi, kama babu yako alivyoniita. Kisomali ndicho tunachosemeana, lakini mkono wangu ulifundishwa kuandika kwa Kiswahili, darasani na kwa fimbo, na nikianza kusema haya kwa mdomo nitazunguka mpaka basi lako liondoke.

Mambo ya sabuni, ya swala, ya kutozurura Eastleigh ukifika Nairobi na ya kumheshimu Abti, mjomba wako, Hooyo ameshayasema tangu juzi na atayasema tena kesho stendi. Mimi siyarudii. Nina jambo moja tu. Mwaka huu uliopita, uliokaa nyumbani, ulipokosa kufanya mtihani wa kidato cha nne na wenzako, haukupotezwa na Mwalimu Mutua. Niliupoteza mimi. Nimeanza na hilo ili usisome barua yote ukitafuta mtu mwingine.

Sasa nikueleze, na univumilie, maana itabidi nianze na mashine.

Unajua kwamba mimi nilitaka kuuhama mji huu. Hujui nilijaribu mara ngapi. Mara ya kwanza hukuwa umezaliwa. Niliteremshwa kwenye basi darajani, askari akasema picha ya kipande changu, kitambulisho, imefifia. Mara ya pili ulikuwa mgongoni mwa Hooyo, na askari hakutoa hata sababu. Mara ya tatu ulikuwa umeanza shule, na kipande changu kilikuwa kipya kabisa, ila sikuwa na ile kadi ya pili tuliyopewa sisi Wasomali peke yetu. Nikarudi kwa miguu na begi langu, watu wa sokoni wakinitazama. Baada ya hapo nilianza kusema kwamba mimi ndiye niliyechagua kukaa Garissa. Nililisema sana mpaka hata Hooyo yako akaliamini.

Kompyuta ya hii ofisi yangu ya kuchapa barua ilipokuja, imefungwa mablanketi mawili juu ya lori la vitunguu, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu, na usimwambie Hooyo. Nilifungua kila parafujo. Nilikisoma kile kijitabu cha bodi, ule ubao mkuu wa ndani, mpaka kurasa zikalegea. Na ndani yake niliona kitu ambacho hakikuhitaji ruhusa ya askari yeyote ili kiende mbio.

Wewe unayajua haya sasa, lakini nitayasema kama nilivyoyaelewa wakati ule. Memori haijibu papo hapo. Mashine ikiiuliza kitu, lazima isubiri mapigo kadhaa ya saa yake ya ndani ndipo ichukue jibu. Watengenezaji wameweka subira hiyo kwa makusudi. Lakini ukibonyeza Delete mashine inapowaka, unaingia kwenye ule ukurasa wa bluu, na pale unaweza kuipunguza. Memori ikiwahi, umepata kasi ya bure. Isipowahi, mashine haijui kwamba haikuwahi. Inachukua chochote ilichokikuta pale na kukiandika kama kweli.

Nilikuwa na vipande viwili vya memori vilivyokuja na mashine, vya sitini, yaani nanosekunde sitini za kujibu. Nikaagiza vingine viwili kutoka Nairobi, vikaja vya sabini, yaani vya polepole zaidi. Mtu mwenye akili angeiweka mashine yote kwenye sabini, ili hata wale wavivu wawahi. Mimi niliweka sitini. Kisha nikafungua bodi, nikahamisha ile jampa ndogo ya plastiki, kasi ya bodi ikapanda kutoka megahezi sitini na sita hadi sabini na tano. Mashine ikakataa kuwaka. Badala ya kuuliza inakataa nini, nikahamisha jampa nyingine nikaiongezea volteji, kutoka tatu nukta tatu hadi tatu nukta tano, na ikawaka. Vitu vitatu nilivibadilisha asubuhi moja. Nilijiona bingwa.

Bare wa duka la nguo alikuja kutazama. Akasema, "Wallahi Abdi, hii kombyuta yako hata Nairobi hakuna." Nikavimba kichwa. Nilipoipima kwa saa ya mkononi, barua ndefu ilikuwa ikifunguka sekunde sita mapema kuliko zamani. Hizo ndizo sekunde nilizozipata, Aabo. Sita. Na nilikuwa nikizitumia kupuliza chai.

Usifikiri sikuijaribu. Niliijaribu wiki mbili. Kila siku baada ya alfajiri niliiwasha, nikaifanyisha kazi mpaka saa nne, na haikukosea hata herufi. Kisha nikafunga mlango kama mji wote unavyofunga: adhuhuri, chakula, kulala, na kufungua tena baada ya alasiri upepo ukianza kuingia. Miaka yote nimeishi chini ya mabati haya, najua joto la saa saba linavyofanya binadamu, na haikunijia hata siku moja kwamba mashine yangu haijawahi kufanya kazi saa saba. Mtu wa Nairobi asingefanya kosa hilo, kwa kuwa yeye hafungi mchana. Lilikuwa kosa letu sisi, la watu wanaolala wakati jua linapouliza maswali magumu.

Halafu zikaja zile mvua. Unakumbuka mto ulivyokula mashamba, barabara ya Mwingi ikakatika, na upande wa Modogashe malori yakakaa kwenye matope mpaka madereva wakaoa huko. Sukari ikaisha. Dizeli ikawa ya kuhesabiwa kwa debe, na jenereta ya mji ikawa inawashwa saa sita mchana na kuzimwa saa tisa, basi. Tulikuwa tumefungwa pande zote. Ajabu ni kwamba mimi nilikuwa na furaha kidogo. Kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyeweza kuondoka, si mimi peke yangu.

Mwalimu Mutua alikuja siku ya Jumatano, Februari, saa sita na nusu, viatu mkononi na matope mpaka magotini. Taipu ya shule ilikuwa imekufa kwa unyevu. Alikuwa na orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne aliyoiandika kwa mkono, na ndege iliyoleta unga ilikuwa inarudi Nairobi saa tisa, na rubani alikuwa amekubali kubeba bahasha. Ndege nyingine hakuna aliyejua itakuja lini, na ofisi ya mitihani ilikuwa inafunga usajili wiki hiyo.

Niliandika kama mwendawazimu. Kati ya madarasa ya kidato cha nne, lako lilikuwa la mwisho kwenye orodha, na nilipofika kwenye jina lako niliandika taratibu, herufi moja moja. Nilijisikia baba. Jasho lilikuwa likidondoka kwenye vitufe. Ukiweka kiganja juu ya ile mashine ulikuwa unakitoa haraka.

Mashine ikaganda mara moja. Nikaizima, nikaiwasha, faili ikafunguka. Ikaganda tena. Ilipofunguka mara ya pili, mwisho wa orodha kulikuwa na mistari ya alama za ajabu, vikopa na mikwaju na vijisura. Nikasema moyoni, hii ni takataka tu imeongezeka baada ya majina. Nikaifuta. Nikachapisha, nikaweka nakala kwenye diski.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na ile karatasi yake ya mkono. Akasema, "Mzee Abdi, hebu tuhesabu pamoja. Wewe soma, mimi nifuatilie."

Nikamwambia, "Nimeshahesabu."

"Wote arobaini na mmoja?"

"Arobaini na mmoja."

Akaweka sahihi yake chini bila kuinama kusoma, kwa sababu aliniamini, akatia bahasha ndani ya shati na kukimbia kuelekea uwanjani.

Sikuwa nimehesabu. Kuhesabu wasichana arobaini na mmoja ni dakika mbili, na dakika mbili zilikuwepo. Ila nilikuwa nimemwambia kila mtu sokoni kwamba mashine yangu haikosei, na kuhesabu mbele yake kungekuwa kukiri kwamba inaweza kukosea. Halafu jina lako nililiandika kwa vidole vyangu mwenyewe. Ningelitilia shaka vipi?

Mpaka hapa ungeweza kunisamehe, na mimi ningeweza kuiita ajali. Kinachofuata si ajali.

Mwezi wa tatu barabara ilifunguka, dizeli ikarudi, umeme ukawa wa kutwa. Nilikuwa nimezoea sasa kufanya kazi mchana. Siku moja barua ya sheikh iliharibika mbele ya macho yangu, saa saba, na alama zilikuwa zile zile: vikopa, mikwaju, vijisura. Niliandaa faili kubwa, nikawa nainakili na kuilinganisha na asili yake. Alfajiri nakala zilikuwa sawasawa. Saa saba zilitofautiana. Alfajiri sawa, saa saba tofauti. Siku tatu.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, kitu kimoja kwa wakati. Nilirudisha kasi ya bodi kwenye sitini na sita. Makosa yakapungua lakini hayakwisha. Nikarudisha memori kwenye sabini, ikasubiri mapigo yake kama ilivyoumbwa, na makosa yakaisha. Mwishoni nikashusha volteji, na hata chuma chake kikapoa. Kazi yote ilikwenda sawa saa saba mchana, mlango umefungwa, mabati yakilia kwa joto. Sijawahi kurekebisha kitu vizuri hivyo maishani mwangu, na sikuweza kumwambia mtu.

Nikachukua ile diski ya shule. Nikaifungua na kuhesabu kwa kidole. Thelathini na wawili. Tisa hawakuwepo, wote wa darasa lako, na wewe ulikuwa mmoja wao. Ile takataka niliyoifuta haikuwa baada ya majina yenu. Ilikuwa mahali pa majina yenu.

Hiyo ilikuwa Machi, Sahra. Wewe uliambiwa Julai.

Miezi minne nilijua. Pengine mwezi wa tatu bado mlango wa kusahihisha ulikuwa wazi. Pengine ulikuwa umeshafungwa. Sijui, na sijui kwa sababu sikuuliza. Nilijiambia Nairobi wataona wenyewe. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo. Nilifunga safari kwenda shuleni mara mbili. Mara ya kwanza niliwaona kupitia dirisha, ninyi tisa na wengine mkicheka na Mwalimu, nikageuka langoni. Mara ya pili nilifika mpaka mezani kwake. Akanikaribisha kiti. Nikamuuliza habari za mvua kwao Kitui. Tukazungumza mvua nusu saa nzima, mimi na yeye, kisha nikarudi nyumbani.

Neno nililolisema mlangoni lilikuwa limenifungia ndani. Kila siku niliyonyamaza ilifanya iwe vigumu zaidi kusema siku inayofuata, maana sasa ingebidi nieleze orodha na kimya pia. Watu hudhani aliyefungwa hulia atolewe. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo mtu asije kufungua.

Julai unaijua. Nambari za mtihani zilikuja na tisa hamkuwa nazo, mkarudishwa nyumbani mngojee mwaka mwingine. Wazazi tulikutana shuleni. Hooyo yako alisema maneno ambayo sitayaandika. Bare, ambaye binti wa dada yake alikuwa miongoni mwa tisa, alisimama na kupiga kelele, "Huyu mwalimu ya daun ameboteza watoto yetu! Wao nataka Msomali asisome!" Daun, yaani huko bara kusiko kwa Wasomali. Na watu wakamuunga mkono. Mwalimu Mutua hakujitetea. Alisema, "Karatasi ina sahihi yangu. Kosa ni langu." Halafu akanitazama. Si kwa muda mrefu. Nadhani alijua. Nadhani alikuwa ananipa nafasi, na mimi nilitazama viatu vyangu.

Wakubwa wa elimu wakamhamishia Lafey, mbali kule upande wa Mandera. Siku aliyokuja sokoni kununua kamba ya kufungia godoro, alikusalimia, na wewe ukageuza uso ukapita. Nilikuwa nyuma yako. Ningeweza kukushika bega. Aliniambia mimi, "Usimkemee, ni mtoto, ana uchungu," kama kwamba nilikuwa na nia ya kukukemea.

Na Fardosa, rafiki yako, mmoja wa wale tisa. Najua bado unaweka kitambaa chake kwenye sanduku. Baba yake alisema mwanamke aliyekaa bure nyumbani anangojea nini, na Septemba akaolewa, akapelekwa kwa mumewe, mbali huko Hadado. Wewe umepata shule nyingine kwa sababu una Abti mwenye kujuana na watu. Yeye hakuwa na Abti. Nimefikiria kila njia ya kumrudishia mwaka wake na sijapata hata moja. Nikimfikiria usiku silali, na nikilala mchana naamka na jasho baridi. Hilo nitalibeba, na sikuombi unisaidie.

Ulipokuwa nyumbani ulikaa hapa ofisini, kwenye kiti hiki, ukaijua mashine kuliko mimi. Nilikuonea fahari mpaka nikaogopa. Siku ile uliingia kwenye ule ukurasa wa bluu ukaniuliza, "Aabo, mbona memori umeiweka sabini, na vipande viwili ni vya sitini? Si tunapoteza kasi?" Nikakujibu neno moja: "Joto." Ukaitikia kwa kichwa, ukaridhika. Lilikuwa jibu la kweli, na ndiyo sababu lilinichoma. Ulikuwa umeshika ncha ya uzi mkononi, ungevuta kidogo tu, na mimi nikauficha kwa ukweli wa nusu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikwepa macho yako, na wewe umedhani nimechoshwa na kukuona nyumbani. Hooyo aliniambia ulilia kwa ajili hiyo. Sikuwahi kuchoka nawe. Nilikuwa naona haya mbele ya mtoto wangu, na haya ya namna hiyo inafanana sana na ukali.

Sina mawaidha mengi, na hata ningekuwa nayo, ungeyasikiliza kwa mtu kama mimi? Nitakwambia tu ninavyofanya siku hizi. Nakijaribu kila kitu saa saba, si alfajiri. Nikibadilisha kitu, nabadilisha kimoja na kukingojea. Na mtu akiniambia tuhesabu pamoja, namvutia kiti, hata kama ni barua ya mistari mitatu, hata kama ananiona mzee aliyezeeka vibaya. Wateja wengine wamenikimbia kwa sababu hiyo.

Nimeandika barua nyingine mbili leo. Moja ni ya Mwalimu Mutua, na dereva wa lori la Mandera amekubali kuifikisha Lafey. Nyingine ni ya ofisi ya elimu ya wilaya, nikieleza nani aliyefuta majina na nani aliyesema amehesabu, na nimetia sahihi yangu. Kesho mji mzima utajua. Bare atanitukana mbele ya duka, na ana haki. Hooyo yako nitamwambia leo kabla ya magharibi, na huyo ninamwogopa kuliko Bare, kuliko wilaya nzima.

Sasa niseme la mwisho, kwa sababu nimeona adhana ya alasiri inakaribia na ninyi ndani mmenyamaza.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini kabisa ya sanduku lako, uikute Nairobi. Nimekaa na kalamu mkononi nikajiuliza kwa nini chini kabisa, kwa nini Nairobi. Jibu likaja lenyewe: ili usome nikiwa mbali. Ni mambo yale yale. Nimeshahesabu, chukua bahasha, kimbia, ndege inaondoka.

Basi nitakuita sasa hivi, mchana huu wa joto, na kukupa mkononi. Usome hapa, kwenye kiti chako, mimi nikiwa nimekaa hiki kingine. Ukitaka kuuliza, uliza. Nitajibu mpaka maswali yaishe. Ukitaka kupiga kelele, majirani wazoee kuanzia leo. Na ukimaliza, ukaona ni afadhali Hooyo peke yake akusindikize stendi kesho, niambie usoni, na mimi nitabaki nyumbani.

Baba yako,
Abdi